Nanga ya kayaki kwenye mkondo: Mtwapa ilinipindua, nifunge wapi?

FundiSimu_Kondele · Jumapili, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu, na Jumamosi zangu nyingi huishia majini upande wa Dunga. Nina kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu, mita tatu na kitu, niliyoinunua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama. Miaka miwili nimevua ngege nayo bila neno. Nanga yangu ni jiwe la kama kilo nne ndani ya mfuko wa neti wa vitunguu. Kamba ni manila ya njano, mita kumi, na nimeifunga kwenye mpini wa kubebea ulio ubavuni karibu na goti langu la kulia, maana hapo mkono unafika bila kujikunja. Jiwe likigusa chini nakaza, natupa ndoana, nakula chapati yangu. Ziwani huku maji yenyewe ni mita tatu, nne, basi.

Agosti tulishuka Mtwapa, kule Pwani, kwa harusi ya shemeji. Nikaifunga kayaki juu ya Probox, safari ya zaidi ya kilomita 800, mke wangu akinuna kuanzia Ahero mpaka Mtito Andei. Harusi ilichezwa nje hadi usiku wa manane, mwezi mpevu ukiwaka kama taa ya uwanjani. Kesho yake nikalala. Keshokutwa, saa mbili kasoro asubuhi, nikaingia kreki, ule mkono wa bahari unaoingia bara.

Maji yalikuwa yanaelekea baharini kimyakimya, hayana hata wimbi. Nikajiambia afadhali haya kuliko ziwa la alasiri. Nikashusha jiwe. Kamba ikaisha mkononi kabla sijajua kama limegusa chini, kisha ikakaza ghafla. Kayaki ikaanza kugeuka, ikakaa mshazari, halafu ikasimama kiubavu kabisa kuyakinga maji. Upande wa kulia, ule wenye kamba, ukawa unazama kidogo kidogo huku maji yakijikusanya juu yake. Nikajaribu kufungua fundo, limekaza kama limepigwa solda. Kisu sina. Nikainama nilivute kwa nguvu, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana uzito wangu nao ukaenda upande uleule.

Jaketi la kuelea nilikuwa nimelivaa, ndiyo maana naandika. Fimbo ya kuvulia ilienda. Simu nayo ilienda, ile niliyokuwa nawatangazia wateja kwamba nimeiziba haiingii maji. Kayaki yenyewe ilibaki palepale, tumbo juu, imeshikwa na jiwe langu. Mzee mmoja wa ngarawa akaja, akakata kamba kwa panga, akanitazama na kuniuliza, "Wewe umetia nanga au umefunga mbuzi?"

Sasa Desemba tunashuka tena. Kuvua nataka, kufa sitaki. Nifunge wapi? Jiwe nilitupe? Kamba iwe ndefu kiasi gani? Na mtu anajifunguaje haraka mambo yakiharibika? Mwenye uzoefu wa maji yanayokimbia anisaidie, kwa sababu video nilizoona kila mtu anasema lake.

---

Ja_Rusinga · Jumapili, saa 3:42 usiku

Omera, pole. Hilo swali la mbuzi limenichekesha lakini lina ukweli wake.

Ziwani umekuwa na bahati, tena bahati ya upepo. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu ukielekea majini, mchana unageuka na kutoka ziwani kuja nchi kavu. Katikati hapo kuna utulivu, na nadhani ndio saa zako za kuvua. Ungekaa na ile nanga ya gotini mpaka saa tisa alasiri, hata Dunga ungeinywa.

Huku kwetu tangu tuta la zamani la Mbita liondolewe na daraja kufunguliwa 2017, maji yanapita kati ya Rusinga na bara, na siku za upepo unayaona yakikimbia chini ya daraja. Mimi hapo sitii nanga kabisa. Nachukua ndoo ya rangi ya lita 4, naitoboa tundu chache chini, naifunga kamba kwenye mpini wake na kuiburuta majini kutoka omo, yaani mbele ya chombo. Inanipunguzia mwendo, nateleza polepole nikivua, nikifika mwisho wa eneo ninaloamini lina samaki napiga kafi kurudi juu na kuanza upya. Ndoo haishiki mwamba. Jaribu hiyo kwanza kabla ya kutafuta nanga.

---

Kapteni_wa_Sofa · Jumapili, saa 4:05 usiku

Mimi ushauri wangu ni mmoja: samaki wanauzwa hapa mjini wakiwa wamekaangwa, na ugali juu.

---

Mzee_wa_Vanga · Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mwanangu, pole sana, na umshukuru Mungu kwa lile jaketi. Mimi nimezaliwa Vanga, ujana wangu umeishia kwenye mashua, na sasa nina duka dogo karibu na soko la Jubilee. Bahari naiota tu. Nimesoma kisa chako alfajiri hii baada ya kuswali, nikaona nisikuachie watu wa ndoo peke yao, ingawa huyo wa Rusinga amesema kweli.

Jiwe lako usilitukane. Kilichokupindua ni pale gotini. Ungekuwa na nanga nzito ya kushika barabara ungepinduka upesi zaidi, kwa sababu jiwe angalau lingeweza kubururika. Chombo chembamba kimeundwa kipasue maji kwa omo. Ukikigeuza kiubavu umeweka ukuta wa mita tatu mbele ya mkondo, na maji hayana pa kupita ila juu yako au chini yako. Halafu kamba yenyewe inavuta ukingo kwenda chini. Na mkondo una tabia ambayo watu wa ziwani hamuijui: mwendo wake ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Ndiyo maana ulishusha jiwe ukiona maji ya amani, na dakika moja baadaye yalikuwa yanakumeza.

Kwa hiyo kamba itoke omo au itoke tezi, kule nyuma. Pembeni kamwe, hata kwa dakika moja, hata kwa kujaribu. Najua utasema omo hufiki ukiwa umekaa. Dawa yake ni kamba ya mzunguko: unaweka kapi ndogo (kigurudumu cha kupitishia kamba) omoni na nyingine tezi, unapitisha kamba nyembamba ubavuni iende na kurudi kama ya kuanikia nguo, na juu yake unafunga pete. Kamba ya nanga inapita ndani ya pete. Unashusha nanga ukiwa umekaa, kisha unavuta ule mzunguko mpaka pete ifike mwisho kabisa wa omo. Hapo chombo kinageuka chenyewe na kutazama mkondo. Wale wanaofunga tezi wanataka kuvua wakitazama maji yanakoelekea, na ni raha kweli, lakini tezi za kayaki nyingi ni fupi na ziko chini, mkondo ukichachamaa zinachota maji. Mimi ningekaa omo mpaka nijue chombo changu.

Kamba yako ya mita kumi ilikuwa balaa ya pili. Nanga hushika ikivutwa kwa ulalo. Ikivutwa wima inang'oka, au kama imekwama inakuvuta wewe chini. Kwa kila mita ya kina, toa mita tatu za kamba pakiwa shwari, na tano hadi saba pakiwa na mkondo. Yaani penye mita 5, kamba 15 ni kidogo, 25 au 35 ndiyo kamba. Tena hesabu kina cha maji yatakayokuwepo baadaye, usihesabu cha sasa tu. Bamvua kubwa la Kilindini, Mombasa (zile siku maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida), tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Umetia nanga penye mita tatu maji yakiwa yamepwa, ukalala usingizi kidogo, unaamka penye sita na kitu na kamba imesimama wima kama mlingoti.

Na hiyo manila ya njano inaelea. Ikilegea inatandaa juu ya maji na kungoja injini ya mtu. Tafuta ya nailoni, inazama na inavutika kidogo, haikutikisi kila wimbi likipita.

Nanga yenyewe, kwa kayaki inatosha ile ya makucha manne inayokunjwa, kilo moja na nusu hivi, pamoja na mnyororo wa mita moja au mbili kati yake na kamba. Mnyororo ndio unaolaza shina la nanga mchangani ili makucha yaume. Watu huruka mnyororo kwa kuona uzito, kisha wanalalamika nanga haishiki. Kwenye miamba ya matumbawe usishushe. Utayavunja, na nanga hutaiona tena. Tafuta doa la mchanga lililo jeupe.

Sasa hili la kukwama, na wewe kama fundi utalipenda. Usifunge kamba kwenye tundu la juu la nanga. Ifunge chini, kule makucha yanakoanzia, uilaze ikipanda kando ya shina, kisha pale juu uibanie kwa ule utepe wa plastiki mnaobania nyaya. Siku zote nanga inavutwa kutoka juu kama kawaida. Ikinasa kwenye jiwe, unavuta kwa nguvu, utepe unakatika, na mvuto unahamia chini. Nanga inatoka kinyumenyume kama jino.

Kuachia. Mwisho wa kamba usiufunge chomboni kwa fundo, hata lile unaloliamini. Uweke kwenye kishikio cha kuzungushia kamba, kinachoachia kwa mkono mmoja, na kwenye ncha ya kamba funga boya. Jerikeni tupu la mafuta ya kupikia la lita 3, kizibo kimekazwa, linatosha sana. Mambo yakiharibika, au meli ikija, au umenasa samaki mkubwa, unaachia. Nanga inabaki na boya lake, wewe unaenda zako, ukitulia unarudi kuichukua. Kisu kiwe kifuani kwenye jaketi, upande ambao mkono wowote unafika. Kikiwa ndani ya sanduku la chambo hicho si kisu.

Kung'oa ndiko kunakopindua watu wengi kuliko kutia. Usikae ulipo ukavuta nanga ije kwako, utainama ubavuni na tumeona matokeo. Piga kafi kuyapanda maji huku ukikusanya kamba, mpaka upite juu ya nanga. Kamba ikiwa bado omoni na imesimama wima, ndipo unyanyue. Ikigoma, songa mbele zaidi uivute kutoka upande wa pili.

Halafu nikuambie siku yenyewe ulivyoichagua. Umesema mwezi mpevu usiku wa harusi, na umeingia keshokutwa yake saa mbili kasoro. Hilo lilikuwa bamvua lenyewe. Pwani yetu siku hizo maji hujaa alfajiri, saa kumi, kumi na moja, na hupwa saa nne, saa tano. Kwa muda wa saa sita hivi maji ya hori nzima (hiyo mnayoiita kreki) yanatoka kupitia mdomo mwembamba. Na hayatoki sawasawa. Saa ya kwanza yanatoka kidogo, ya pili zaidi, ya tatu na ya nne ndizo zinazobeba nusu ya maji yote, kisha yanapungua tena. Wewe uliingia kwenye ya tatu au ya nne! Ungewauliza watu watano wa Mtwapa wakuchagulie saa mbaya kuliko zote, wangekupa ileile.

Nenda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, wiki moja baada ya mpevu au mwandamo. Uwe juu ya maji kabla hayajasimama, utie nanga yakiwa yanasimama, uondoke yakianza kukimbia. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini, kwa hiyo usishike ya jana. Na kabla ya kutia, acha kupiga kafi utazame mikoko ya ukingoni. Ukiona unaipita kwa mwendo wa mtu anayetembea, hapo pa ndoo ya Rusinga, nanga ibaki ndani.

---

FundiSimu_Kondele · Jumatatu, saa 7:15 mchana

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu, wateja wananingoja. Hiyo ya utepe imeniua, ninazo mia mbili hapa kwenye droo. Swali moja: kapi nifunge kwa skrubu? Naogopa kutoboa plastiki.

---

Mzee_wa_Vanga · Jumatatu, saa 10:02 jioni

Marahaba mwanangu. Usitoboe. Mipini ya omo na tezi ipo, funga kapi hapo kwa kamba fupi. Ukichoka nayo unaifungua na chombo hakina tundu.

---

Nyar_Asembo · Jumatatu, saa 2:30 usiku

Mimi si mtu wa kayaki, lakini nyumbani kwetu ni samaki tangu babu. Mmeongea ya bahari vizuri, ila huyu ndugu yetu Jumamosi bado yuko Dunga na lazima ajifunzie huku, kwa hivyo wacha niseme ya ziwa.

Ukianza kutupa nanga yenye makucha ndani ya ghuba, utaokota nyavu za watu. Jiwe lilikuwa linakaa tu. Makucha yatashika. Kaka zangu wanaacha nyavu za mbuta usiku kucha, na vielezo vyake ni vipande vya ndara na chupa za soda, vingine vimezama nusu. Ukiona ndara mbili zimefuatana majini, hilo si taka, huo ni wavu wa mtu, na karo ya mtoto wake iko hapo chini. Ukinasa, usikate. Ng'oa polepole uutoe kucha kwa kucha. Kisha ukifika ufuoni waambie watu wa BMU, kamati ya ufuo, mapema kabla hawajakuambia wao.

Pili ni magugumaji. Upepo ukigeuka, lile zulia la kijani linasafiri, na linaweza kuja lote kwako ukiwa umetulia kwenye nanga. Ndugu yangu mmoja alisukumwa hivyo na mtumbwi wa mbao, kamba imekaza, magugu yamejaa mbele mpaka omo ikaanza kuinama. Aliachia kamba. Ukiliona liko mbali bado, ondoka wakati huo, usingoje limalize kuja ujue ni kubwa kiasi gani.

Na kiboko unamjua. Jioni usitie nanga karibu na mafunjo, hiyo ndiyo njia yake ya kwenda kula.

---

Ja_Rusinga · Jumatatu, saa 2:51 usiku

Ya ndara ni kweli kabisa. Fundi, ukimaliza kufunga hizo kapi njoo Mbita siku moja tukajaribu chini ya daraja. Mimi nitakuwa na mtumbwi kando.

---

FundiSimu_Kondele · Jumapili, wiki mbili baadaye, saa 1:40 jioni

Nimerudi na ripoti.

Nilianzia Dunga, maji ya shingo, mpwa wangu akiwa amesimama pembeni anacheka. Kapi nimefunga kwenye mipini, pete niliitoa kwenye mkanda wa begi la zamani. Kosa la kwanza: nilivuta mzunguko upande usio wake na pete ikabaki katikati, kayaki ikakaa kiubavu vilevile kama Mtwapa. Maji hayakuwa na nguvu, lakini tumbo langu lilikumbuka. Sasa nimepaka rangi ya kucha nyekundu ya mke wangu kwenye kamba, ikifika mkononi najua pete iko omo. (Hajajua bado.)

Utepe wa nyaya nao ulinitesa. Niliweka ule mwembamba wa kufungia nyaya za chaja, ukakatika kwa kutia tu, kabla hata ya kukwama. Nikaweka mpana, nikanasisha nanga makusudi kwenye mawe, nikavuta mpaka mgongo ukalia, haukatiki. Mwishowe ni miwili myembamba kwa pamoja. Inashikilia kayaki, na nikipita juu ya nanga na kuvuta kwa nguvu inakatika. Kila kayaki na mtu wake nadhani itakuwa na hesabu yake, mimi nina kilo 84.

Jana tukaenda Mbita. Ja_Rusinga alisimamia kama mwalimu wa udereva. Upepo ulikuwa umeamka na maji chini ya daraja yanatembea. Kina mita nne, nikatoa kamba ishirini. Omo ikageuka ikatazama mkondo, na kayaki ikatulia, inayumba kidogo kushoto na kulia tu kama ng'ombe anayekataa nzi. Nikakaa dakika kumi bila kutupa ndoana, natazama maji yakigawanyika mbele yangu na kupita pande zote mbili. Halafu akanipigia kelele "Achia!" bila kunionya, nikaachia, jerikeni likaruka, nikachukuliwa kama mita thelathini hivi nikiwa mkavu. Kurudi kulichukua jerikeni ndiko kulikonitoa jasho.

Samaki sikupata hata mmoja. Yeye na ndoo yake alipata wawili.

Mzee wangu, nimetazama kalenda. Tunafika Mtwapa Desemba na mwezi utakuwa nusu siku ya nne ya likizo. Nikienda siku hiyo, maji yatasimama saa ngapi?

---

Mzee_wa_Vanga · Jumapili, saa 3:05 usiku

Hongera. Ya rangi ya kucha siijui lakini naikubali.

Mwezi ukiwa nusu mambo yanageuka, maji hujaa kwenye saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Yatasimama kidogo hapo saa nne, kwa hiyo uwe ndani kuanzia saa tatu. Lakini usinichukue mimi kama saa, tafuta jedwali la maji la Kilindini la mwezi huo, uliandike kwenye karatasi ulibandike ndani ya Probox. Na umtafute yule mzee wa ngarawa umpelekee kitu. Panga lake lilikuwa na kazi nyingine asubuhi ile.

Kesho nakuja Kondele. Simu yangu kioo kimepasuka tangu Idi, naandika haya yote kwa kubahatisha herufi.

---

FundiSimu_Kondele · Jumapili, saa 3:09 usiku

Njoo mapema kabla foleni haijaanza. Hulipi.